Pakiti ya Maziwa Saa Kumi

Mwezi wa Desemba Moshi hujaa watu. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanashusha abiria mchana na usiku, magari yanapanda kuelekea Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, na karibu kila ukoo una shughuli: ndoa, kipaimara, ubatizo, kujengea kaburi la babu. Kila shughuli ina karatasi yake. Kadi ya mchango hutangulia, kadi ya mwaliko hufuata, kisha ratiba ya ibada, na mwisho shukrani za familia. Nyingi huchapwa katika vyumba vidogo nyuma ya maduka ya mjini, kwenye mashine ya ofseti ya rangi moja inayonguruma hadi usiku wa manane. Pembeni ya mashine, sakafuni, kuna kopo lisilo na kifuniko, na tambara limening'inia ukingoni.

Kopo hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Nimeandika kwa mtindo wa mjadala kwa kuwa huku kwetu jambo la namna hii halisemwi ofisini. Husemwa nyumbani, kwa kuzunguka, kati ya watu wanaoitana baba na mwana. Wasemaji nimewabuni mimi. Hoja zao si za kubuni.

Yupo Baba Mdogo, mwenye mashine, ambaye wateja humwita Mangi. Yupo Kijana, mtoto wa kaka yake, aliyeshuka kutoka Rombo alipomaliza kidato cha nne, akafundishwa kazi bila ada na anaishi chumba cha uani kwa baba yake huyo. Na yupo Muuguzi, binti wa jirani, anayefanya kazi kliniki ya ngozi. Ni Jumapili ya Januari, baada ya ibada, nyumbani Uru. Mtori uko mezani na ndoo ya mbege iko kivulini. Shughuli zimepungua, watu wana nafasi ya kusemezana.

MUUGUZI: Baba, shikamoo. Kabla sijanawa naomba neno moja. Huyu kaka aliponipokea mkoba nimeiona mikono yake. Nataka nimuulize mbele yako, nisije nikaonekana nachochea watu pembeni.

BABA MDOGO: Marahaba, mwanangu. Uliza tu, hapa hapana siri. Hiyo ni mikono ya kazi.

MUUGUZI: Kaka, hiyo mipasuko ni ya jembe?

KIJANA: Si ya jembe, Dada. Ni ya kuosha mashine. Ngozi inakauka, inakuwa nyeupe kama imepakwa majivu, halafu inapasuka kwenye viungo. Nikifua nguo kwa sabuni ya unga inachoma mpaka machozi.

MUUGUZI: Na kichwa je?

KIJANA: Kichwa kinauma jioni. Siku za kazi nyingi najisikia kama niliyelewa, na sijagusa hata kata moja ya mbege. Nikitoka nje nikapigwa na upepo napata nafuu.

BABA MDOGO: Mweleze na maziwa. Mimi simnyimi mtu haki yake. Kila siku saa kumi kila fundi ana pakiti yake ya nusu lita, hata mwezi ambao kazi hakuna. Kaulize wenzangu kama wote wanatoa.

Mazungumzo ya namna hii hukwama hapa, kwenye maziwa, nami nataka tukae hapa kidogo. Imani kwamba maziwa huondoa sumu ya kazini utaikuta kwa wapaka rangi, kwa mafundi wa kuchomelea, kwa wachapaji. Si ya kwetu peke yetu. Zamani, herufi za kuchapia zilipokuwa za risasi, wapangaji wa herufi wa Ulaya walipewa maziwa kwa tumaini kwamba yataikamata risasi mwilini. Sheria ya kazi ya Urusi hadi leo inampa mfanyakazi wa kazi zenye madhara nusu lita kwa zamu, kipimo kile kile cha pakiti ya Baba Mdogo. Na imani hiyo ilipofika mlimani ilikuta maziwa tayari yana heshima yake. Ng'ombe analishwa majani ya migomba zizini nyuma ya nyumba, mzazi anapewa maziwa, mgeni anapewa maziwa, na akina mama wa Nronga kule Machame wamejenga ushirika mzima juu ya maziwa. Mtu anayekupa pakiti saa kumi hakudanganyi. Anakupa kitu kizuri alicho nacho.

MUUGUZI: Baba, pakiti hiyo ni upendo, nami naiheshimu. Lakini maziwa yanashuka tumboni. Mvuke wa kopo hauendi tumboni, unaingia mapafuni. Mapafu yanaukabidhi kwa damu papo hapo, na damu inaupeleka kwenye ubongo. Ndiyo maana anajisikia amelewa, kwa sababu kweli amelewa. Maziwa na mvuke havikutani popote njiani. Ni kama kukomea mlango wa jikoni na mwizi ameingilia dirisha la chumbani.

BABA MDOGO: Mwanangu, nina miaka 40 katika kazi hii. Nilianza kwa risasi, tunapanga herufi moja moja kwa vidole, nikaja kwenye ofseti. Maziwa nimekunywa, na nipo.

MUUGUZI: Upo, Baba, na tunamshukuru Mungu. Ndani ya kopo kuna nini?

BABA MDOGO: Petroli. Ikikosekana, tina, hii wanayotumia wapaka rangi wa magari. Mafuta ya taa tunachanganya wino ukiwa mgumu.

MUUGUZI: Hiyo tina, karatasi yake imeandikwa nini?

KIJANA: Haina karatasi, Dada. Inapimwa kutoka kwenye pipa, tunakwenda na chupa yetu ya maji ya kunywa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama mbele ya ofseti, nieleze. Mashine ya rangi moja huchapa rangi moja kwa wakati. Kadi ya harusi yenye rangi nne hupita mara nne, na kila rangi ikiisha, wino wote unatakiwa utoke kwenye rola na kwenye blanketi, ile ngozi ya mpira inayobeba picha hadi kwenye karatasi. Fundi hulowesha tambara, huzungusha rola polepole na kufuta, uso wake ukiwa karibu na mashine kama wa mtu anayechochea sufuria. Kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam huosha mashine kisha kikachapa nakala maelfu. Fundi wetu wa Moshi anachapa kadi 300, anaosha, anaanza kadi nyingine 300 za ukoo mwingine. Kwa hiyo udogo wa kazi haupunguzi sumu. Kazi zikiwa ndogo na nyingi, anayeosha anaosha zaidi.

Hili lilijulikana kwa gharama kubwa huko Osaka, Japani. Palikuwa na kampuni moja iliyochapa nakala za majaribio za rangi, yaani nakala chache kwa kila kazi, ili mteja aone kabla ya kuchapa nyingi. Mafundi, wengi vijana, waliosha blanketi mamia ya mara kwa siku, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho sehemu kubwa ya hewa yake ilirudishwa ndani badala ya kutolewa nje. Walitumia viyeyusho viwili, dikloropropani na dikloromethani. Mwaka 2012 habari zao zilitoka hadharani kwa juhudi za mtafiti Shinji Kumagai na wenzake: vijana hao walikuwa wakipata saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huwakuta wazee. Waliougua walikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 45. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, kati ya wanaume 51 waliofanya kazi pale, 11 walikuwa wameugua na 6 wameshakufa. Baadaye idadi iliongezeka.

Kuna jambo moja katika habari ile ambalo halinitoki. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikuwa limeiweka dikloropropani katika kundi la vitu visivyoweza kuamuliwa kama vinasababisha saratani, kwa sababu ushahidi haukutosha. Mwaka 2014 likaihamishia kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo si kemikali. Ushahidi ndio uliopatikana, na ushahidi wenyewe ni wale vijana. Habari hiyo Muuguzi anaisimulia mezani.

BABA MDOGO: Hayo ya Japani ni makemikali yao. Sisi ni petroli, ya kawaida tu, kila mtu anayo kwenye pikipiki.

MUUGUZI: Kwenye pikipiki imefungwa ndani ya tangi, Baba. Na petroli ina benzini, inayojulikana kwa miaka mingi kwamba inaharibu uboho na kuleta saratani ya damu. Mwaka 2025 shirika lile lile la utafiti wa saratani limeitaja petroli yenyewe kuwa inasababisha saratani. Tina nayo mara nyingi ina toluini, inayochezea ubongo na masikio. Hizi za pipani, hata muuzaji hajui amechanganya nini.

BABA MDOGO: Mbona mimi nikiingia mle ndani siisikii harufu hata kidogo?

KIJANA: Baba Mdogo, naomba unisamehe kwa hili nitakalosema. Wateja wakifika mlangoni wanaziba pua. Wewe husikii. Na mimi sasa nimeanza kutosikia.

Hapo Baba Mdogo hunyamaza, na mtu mzima akinyamaza mezani vijana huangalia sahani zao. Pua ni mlinzi anayechoka. Ikizoea harufu inaacha kupiga kelele, na fundi anafikiri hewa imekuwa safi.

BABA MDOGO: Nilikuwa na mwenzangu kwenye mashine. Tulianza pamoja. Mwishoni alikuwa anasahau pleti ya kuchapia ameiweka wapi, anagombana na watu wasio na kosa, anasema miguu inakufa ganzi. Tulisema ni pombe. Wengine wakasema ni mambo ya ukoo. Sijui ilikuwa nini, wala hakuna aliyempima. Ninachojua, maziwa alikunywa. Tulikunywa pamoja, saa kumi.

MUUGUZI: Pole sana, Baba.

BABA MDOGO: Haya. Niambie basi ninunue nini. Barakoa? Nitanunua boksi zima kesho.

MUUGUZI: Usinunue, Baba. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali zinazuia matone na vumbi, mvuke unapita kama moshi unavyopita kwenye nyasi za paa. Inayozuia mvuke ina vikopo vya mkaa maalumu, lazima ibane uso vizuri, na mkaa wenyewe huchoka. Ukimvalisha hii ya bei nafuu atajiona amekingwa na atainama karibu zaidi. Glavu za hospitali nazo hivyo hivyo, petroli inazilainisha na kupenya. Za naitraili, nzito kidogo, ni afadhali. Lakini vyote hivyo viwe vya mwisho. Tuanze na kopo.

KIJANA: Kopo tulifunike?

MUUGUZI: Mlifunike. Kopo lililo wazi linatoa mvuke saa nane za kazi, na wewe unalihitaji dakika chache. Matambara yaliyolowa yawe na ndoo ya bati yenye kifuniko, na kila jioni itolewe nje, kwa sababu hayo yanaendelea kupumua hata mkiwa mmelala. Na huo mvuke ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji. Yale matundu ya juu ya ukuta hayausaidii kutoka. Toboeni chini, karibu na sakafu, kuta mbili zinazotazamana.

BABA MDOGO: Nikifungua chini vumbi linaingia kwenye karatasi. Upepo unaniparaganya kazi. Usiku wezi watapitisha mkono. Unadhani nafunga kwa kupenda?

Hoja hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kuona rimu nzima ya karatasi ikijikunja kwa unyevu wa mwezi wa sita, mawingu yanapoufunika mlima na kila mtu mjini anafunga mlango kwa baridi. Karatasi ina kero zake, na mwenye mashine hulala akiziwaza. Lakini Moshi ina neema ambayo chumba kile cha Osaka hakikuwa nayo. Mchana upepo hupanda kutoka tambarare kuelekea mlimani, usiku hugeuka ukashuka. Matundu ya chini yenye nondo na wavu upande wa kusini na wa kaskazini yatapata hewa saa zote bila bili ya umeme, na shelfu ya karatasi inaweza kuhamishwa ukuta wa tatu. Ni kazi ya fundi mwashi ya siku moja.

KIJANA: Dada, na hii habari kwamba mafuta ya kula yanatoa wino?

MUUGUZI: Hilo wewe ndiye fundi, niambie.

KIJANA: Nilijaribu alizeti, siku moja petroli ilipoisha. Wino unalainika, unatoka. Ila inachukua muda, na inaacha utelezi. Lazima ufute tena kwa maji ya sabuni ukaushe, la sivyo rangi inayofuata inakataa kushika.

Kijana hajui kwamba ameingia katika njia ambayo wachapaji wa Denmark na nchi jirani waliipita zamani. Katika miaka ya 1990 mradi wa Ulaya ulioitwa SUBSPRINT ulieneza uoshaji wa ofseti kwa mafuta ya mimea na vitu vilivyotengenezwa kutokana nayo, na tatizo walilokutana nalo ni hilo hilo la muda na utelezi. Walilipunguza kwa kubadili utaratibu: mafuta kwanza, kidogo, kisha maji, na kiyeyusho kikali kibaki kwa wino uliogandamana tu. Mafuta hayaruki hewani kama petroli, kwa hiyo mapafu yanapona. Tahadhari ni moja: tambara lenye mafuta ya mimea likirundikwa linaweza kujipasha joto hadi kuwaka, ndiyo maana ile ndoo ya bati yenye kifuniko haikwepeki kwa vyovyote.

BABA MDOGO: Dakika kumi kila rangi. Rangi nne, dakika 40. Desemba mteja amesimama mlangoni, harusi ni Jumamosi, ameleta maandishi Alhamisi jioni. Nani atanilipa hizo dakika 40?

Swali hili ni letu, sisi wenye harusi. Kamati inakaa vikao sita kupanga ukumbi na ng'ombe, halafu kadi inakumbukwa siku mbili kabla. Tunapunguza bei kwa Mangi mpaka anakubali kwa aibu, kisha tunamsifu kwa kukesha. Mle ndani mlango umefungwa kwa komeo kwa hofu ya wezi, mashine inaoshwa tena na tena, na ndizo saa ambazo mvuke ni mwingi kuliko zote za mwaka. Naamini kamati ikipeleka kazi wiki mbili mapema inapunguza sumu ndani ya chumba kile kuliko boksi kumi za barakoa.

MUUGUZI: Baba, na wale dada wanaokunja na kubandika, wanakaa wapi?

BABA MDOGO: Humo humo. Meza yao iko nyuma ya mashine.

KIJANA: Mmoja ni mjamzito, Baba Mdogo. Miezi minne.

BABA MDOGO: Hakuniambia.

KIJANA: Aliogopa atasimamishwa.

MUUGUZI: Yeye hajawahi kugusa tambara, lakini anavuta hewa ile ile, na mtoto anavuta kwa damu ya mama. Hilo lisisubiri mwashi. Kesho meza yao itoke iende chumba cha mbele, na mshahara wake ubaki ulivyo.

BABA MDOGO: Itatoka. Hilo halina mjadala.

Sijataja sheria mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu sebuleni sheria ikitangulia, mazungumzo hufa. Lakini ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, haisemi kwamba chumba cha mashine cha nyuma ya duka hakihusiki. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, aondoe hatari na awapime afya wafanyakazi wake. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na kemikali zenyewe ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi zao za kanda ziko Arusha, kama kilomita 80 kutoka Moshi, na mkaguzi hufika mara chache kwenye chumba cha nyuma ya duka. Kwa ngozi, mji wetu una bahati. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992, kinawafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Mikono ya Kijana imepasukia mahali penye wataalamu wa ngozi.

MUUGUZI: Kaka, umeandikishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?

KIJANA: Sina mkataba, Dada. Mimi ni mtoto wa nyumbani.

BABA MDOGO: Nimwandikie mkataba mtoto wa kaka yangu? Kaka yangu akisikia atasema nimemfanya mwanawe kibarua.

Nadhani neno hilo ndilo gumu kuliko petroli yote. Kijana hawezi kumdai baba yake glavu bila kuonekana hana shukrani. Baba naye hawezi kuandika karatasi bila kuonekana ameuvunja undugu. Hivyo wote wawili wanalindana heshima, na katikati yao kopo liko wazi. Mfuko huo hulipa pia kwa magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake, na kwa sekta binafsi mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 250,000 ni shilingi 1,250 kwa mwezi. Ni kama pakiti moja ya maziwa, na Baba Mdogo hutoa pakiti moja kila siku.

MUUGUZI: Baba, kama yule mwenzako wa mashine angekuwa na karatasi, mke wake angekuwa na pa kubisha hodi.

BABA MDOGO: Mke wake alikuja kwangu.

MUUGUZI: Ukafanyaje?

BABA MDOGO: Nilimpa nilichokuwa nacho. Hakikutosha. (Anasogeza sahani.) Nitampigia kaka yangu simu mwenyewe, nimweleze kabla hajasikia kwa watu. Mkataba tutaandika. Matundu, mwashi wa kule Rau namdai pesa za kadi za kipaimara, tutafidiana. Hayo mafuta ya alizeti tutajaribu kwanza kwenye rangi nyepesi, tuone. Siahidi Desemba. Desemba siijui.

KIJANA: Na maziwa, Baba Mdogo?

BABA MDOGO: Maziwa utakunywa, ni chakula. Lile kopo lilikuwa na kifuniko chake?

KIJANA: Kipo. Wale dada wanakitumia kuwekea gundi. Imeganda.

BABA MDOGO: Kesho asubuhi kioshe, ukirudishe mahali pake.

KIJANA: Nikioshe na nini?

BABA MDOGO: Na sabuni, mwanangu. Sabuni na maji ya moto.